Mwaka Ambao Jina Langu Lilicheza Bila Mimi

Nilisikia mhuri kabla sijaona chochote. Kwanza mlio laini, mhuri ukigusa pedi ya wino. Halafu kishindo kikavu, mbao ya meza ikiupokea. Laini, kavu. Laini, kavu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa shule, kifundo cha mguu wangu wa kushoto kimefungwa bendeji, na ukungu wa asubuhi ya Juni ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kizingiti, mzito kiasi kwamba mlingoti wa bendera ulikuwa umepotea na sauti za wenzangu waliokuwa wakifagia zilitoka mahali pasipo na watu. Kwa kukosa cha kufanya, nikahesabu. Timu yetu ya netiboli ilikuwa na wachezaji kumi na wawili, na kila mchezaji alikuwa na fomu moja ya ushiriki, yenye jina, namba ya usajili, tarehe ya kuzaliwa na picha ndogo iliyogongwa mhuri nusu juu ya uso, nusu juu ya karatasi. Mihuri ikafika kumi na miwili, ikanyamaza. Halafu, baada ya muda unaomtosha mtu kubandika kitu kwa gundi na kukipuliza kikauke, ukaja wa kumi na tatu.

Mwezi uliopita, miaka mingi baada ya asubuhi ile, tulimzika Mwalimu Koleta, aliyekuwa meneja wa timu yetu. Nilisafiri kwa basi usiku kucha kurudi Songea, nikafika nyumbani kwake Bombambili nikiwa na vumbi kwenye kope, nikakaa mkekani pamoja na wanawake wengine. Mwalimu mmoja mstaafu alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma majina ya waliofaulu. Akafika mahali palipoandikwa kwamba marehemu alipenda michezo kuliko usingizi, na kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hakuwahi kumwacha mtoto njiani. Editha, aliyekuwa amekaa ubavuni kwangu, aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala. Nikaushika mkono wake, tukabaki hivyo, mimi na mwanamke ambaye kwa siku tisa za mwaka ule alikuwa mimi, na nikatambua kwamba sikuwa nimekuja kulia. Nilikuwa nimekuja kuona kama hasira inaweza kuzikwa pamoja na aliyeiwasha. Haikuzikwa. Nimerudi nayo, na sasa naiandika.

Nilikuwa kidato cha tatu. Shule yetu sitaitaja. Ilikuwa ya bweni, upande wa Mfaranyaki, na kutoka kwenye uwanja wake ungeweza kuona mabati ya mji mzima yakifuka moshi wa asubuhi. Sikuwa mwanafunzi hodari darasani, sikuwa mzuri wa sura, sikuimba kwaya. Nilichokuwa nacho kilikuwa kimoja: nilijua kufunga magoli. Ukinipa mpira ndani ya duara, ukanyamaza kidogo, nilikuwa nauona unavyoingia kabla haujaniacha mikononi. Mwalimu Koleta ndiye aliyeligundua jambo hilo, nikiwa kidato cha kwanza, na tangu siku hiyo kila Jumamosi nilikuwa naenda kwake Bombambili. Alikuwa amemwita fundi akachomelea pete ya chuma kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yake, juu ya karo la kufulia. Nilifunga magoli mia, naye akihesabu kwa sauti huku akichambua maharage, na nikikosa matatu mfululizo alikuwa anaanza upya kuanzia moja bila kukasirika. Nikimaliza tulikula jikoni kwake, kwenye vigoda, ugali wa moto na dagaa wa Nyasa waliokaangwa kwa nyanya nyingi, na alikuwa ananisogezea sehemu iliyoiva zaidi bila kusema neno. Siku moja nilimsikia jirani yake, Mama Fredi, akimuuliza kupitia kwenye ua, "Huyu msichana ndiye yupi, mbona kila wiki yupo?" Mwalimu Koleta akajibu, "Huyu ni wangu. Wale wengine ni wa serikali." Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimeinama naosha sahani, nikaiosha ile sahani mara tatu.

Mwanzoni mwa mwaka ule alitukusanya kwenye chumba cha maarifa ya nyumbani, chumba kilichonuka mafuta ya taa na vitambaa vipya, akatusomea kanuni za mashindano ya shule. Alizisoma zote, moja baada ya nyingine, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Mchezaji awe mwanafunzi halali, jina lake liwe kwenye daftari la mahudhurio. Mchezaji asimtukane mwamuzi. Mchezaji asiwe amezidi umri. Mchezaji awe na tabia njema iliyothibitishwa na mkuu wa shule. Orodha ya majina ikishapelekwa manispaa haibadilishwi kwa sababu yoyote.

"Hata mchezaji akifa, Mwalimu?" aliuliza Witness, mlinzi wetu wa goli, ambaye hakuweza kukaa dakika tano bila kuuliza kitu.

"Akifa kinacheza kivuli chake."

"Na mamluki je?"

Mwalimu Koleta alivua miwani. "Mamluki ni mtu anayevaa jezi ya shule asiyosoma. Nikimkuta kwenye timu yangu, namvua hiyo jezi katikati ya uwanja, watu wakiona. Mmenisikia?"

Tukaitikia kwa pamoja, ndiyo Mwalimu, na mimi niliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Siku kumi kabla ya mashindano ya manispaa nilikanyaga jiwe nikiwa na ndoo ya maji kichwani, mguu ukageuka, nikasikia kitu kikilia ndani yake. Hospitalini walisema mfupa haujavunjika, lakini nisikanyagie kwa nguvu kwa wiki tatu au nne. Matroni akanilaza kwenye chumba cha wagonjwa, chumba kirefu chenye vitanda vinne, dirisha moja na harufu ya dawa ya vidonda. Nililia kwa siku mbili. Orodha ilikuwa imeshapelekwa, na jina langu lilikuwa la kwanza: Oliva Mapunda, mfungaji. Mashindano ya mkoa yangekuja mwezi mmoja baadaye, na huko ndiko wachaguzi wa timu ya mkoa walikokuwa wanakwenda kutazama. Kama shule yetu ingeshindwa kwenye manispaa, mkoani nisingefika. Na bila mfungaji ingeshindwa. Hilo lilijulikana na kila mtu, mpaka wapishi.

Siku ya tatu Mwalimu Koleta aliingia na mwanamke mmoja mwembamba, mwenye nywele za kusuka, aliyebeba mfuko wa nailoni. "Oliva, huyu ni dada yako Editha," alisema. "Ni fundi cherehani kule Lizaboni. Nilimfundisha zamani, kwenye shule yangu ya kwanza. Anafunga kama wewe." Halafu akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akaushika mguu wangu uliovimba kama mtu anayeshika yai, akanieleza. Jina langu liko kwenye orodha na halitoki. Mwili wangu hauwezi. Basi jina langu litacheza manispaa na mwili wa Editha, na mguu wangu utapumzika. Timu ikipita, nitakuwa nimeshapona, na mkoani nitaingia mwenyewe kwenye nafasi yangu, kwa jina langu, na hakuna atakayeuliza kitu. "Jina lako litakuwa limeshafika kule linakusubiri," alisema. Nilimuuliza kuhusu zile kanuni. Akasema kanuni zimewekwa kwa ajili ya wezi, na sisi hatumwibii mtu. Kila shule ina mmoja au wawili, sisi tutakuwa na mmoja, tena kwa wiki moja tu. Nikamwambia sawa. Nataka niliandike hilo wazi, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nalisimulia jambo hili kana kwamba sikuulizwa. Niliulizwa, na nikasema sawa, na nilifurahi.

Asubuhi iliyofuata picha yangu ikabanduliwa kwenye fomu, ya Editha ikabandikwa, na hapo ndipo nilipousikia ule mhuri wa kumi na tatu. Shuleni kwetu wasichana wote tulikuwa na nywele fupi, kwa hiyo hata kabla ya kupigwa picha hiyo matroni alikuwa amemkalisha Editha kwenye stuli, akamkata misuko kwa mkasi wa kukatia bendeji. Misuko ilianguka sakafuni mmoja mmoja. "Mume wangu atadhani nimefiwa," alisema Editha, na akacheka, lakini mkono wake ulikuwa unapapasa shingo kila wakati. Alikuwa na miaka ishirini na sita na mtoto wa miaka mitatu aliyemwacha kwa mama mkwe. Tulipobaki wawili nilimuuliza kwa nini amekubali. "Niliacha shule kidato cha pili," alisema. "Mpira niliuacha siku hiyohiyo. Hakuna timu ya mafundi cherehani, Oliva."

Sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu. Kazi yangu ilikuwa kumfundisha awe mimi, kwa sababu kamati ya manispaa ilikuwa na desturi ya kuwaita wachezaji mmoja mmoja na kuwauliza maswali. Walimu wale walijua kwamba mtu anaweza kughushi karatasi lakini hawezi kughushi maisha ya bweni. Kwa hiyo jioni, tukiwa tumekaa kitandani na blanketi moja begani, tukila kande ya wagonjwa iliyozidishwa maji, nilikuwa namhoji.

"Wali mnakula siku gani?"

"Jumapili."

"Na nyama?"

"Sikukuu. Na siku mgeni rasmi akija."

"Mwalimu wa darasa lenu ana tabia gani?"

"Anakohoa kabla ya kuita jina. Akifika kwa Mapunda anakohoa mara mbili kwa sababu tupo wawili."

"Bomba gani lina maji saa kumi na mbili asubuhi?"

"La nyuma ya jiko. Lakini ni la kidato cha nne, mimi nasubiri."

"Vizuri. Mpishi mkuu mnamwitaje?"

"Uso kwa uso, Baba Kristofa. Akigeuka, Mwiko."

Tulicheka mpaka matroni akagonga ukuta. Alijifunza haraka kuliko mimi nilivyowahi kujifunza somo lolote. Alijifunza wimbo wa shule, namba yangu ya usajili, jina la mbwa wa mlinzi. Wenzangu nao waliambiwa waanze kumwita Oliva mazoezini ili wasije wakateleza, na kwa kuwa hawakuweza kuita Oliva wawili, mimi wakaniita Mgonjwa. "Mgonjwa, tusogezee maji." "Mgonjwa, umeiona soksi yangu?" Hawakuwa na nia mbaya. Witness alinipa yai lake la asubuhi, yai la wachezaji walio kambini, kila siku kwa siku zote zile. Lakini naikumbuka asubuhi ambayo nilisikia mtu akiita "Oliva!" nje ya dirisha, nikaitika, na ukafuata ukimya mfupi wa watu wanaosubiri mpumbavu ajigundue mwenyewe.

Siku za mechi nilitakiwa nisionekane. Uwanja ulikuwa wa shule ya jirani, ng'ambo ya barabara na mstari mmoja wa mikaratusi, na kutoka kitandani nilisikia kila kitu: filimbi, vigelegele, vishindo vya miguu kwenye udongo mkavu. Nilijifunza kujua goli kwa sikio. Kwanza uwanja wote ulikuwa unakata sauti, halafu ukalipuka, halafu watu wakaanza: O-li-va! O-li-va! Hapo ndipo nilipojua ni kitu gani nilichokuwa nimekiazimisha. Nilikuwa nimedhani jina ni kama jezi, mtu analivaa, analifua, analirudisha. Sikujua kwamba litaitwa na watu mia nne kwa furaha, kwa sababu ya mikono isiyo yangu, na kwamba nitalala pale nikiwa na wivu juu yangu mwenyewe. Editha alirudi jioni ya nusu fainali akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, akakaa sakafuni, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto. "Ishirini na nne," alisema. "Nimekufungia ishirini na nne." Alisema hivyohivyo, nimekufungia.

Asubuhi ya fainali kamati iliwaita tena wachezaji kwa uhakiki, kwa kuwa shule pinzani ilikuwa imelalamika. Kamati ilikuwa na watu watatu: mwenyekiti, Mwalimu Mbawala, mzee mwenye sauti ya taratibu; mwalimu mwingine wa kiume mwenye koti la sufu; na msichana mmoja, mwanachuo wa ualimu aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, aliyepewa kazi ya kuandika. Yaliyotokea ndani alinieleza Editha mwenyewe jioni ile. Aliulizwa wali, akajibu. Akaulizwa bomba, akajibu. Akaimba wimbo wa shule beti zote mbili na mwenyekiti akatabasamu. Akaambiwa asante, unaweza kwenda. Na akiwa anageuka, yule mwandishi akamwambia kwa upole, "Wenzangu umewaamkia. Mimi hujaniamkia."

Ilikuwa kweli. Alipoingia aliwaambia wanaume wale wawili shikamoo, akapiga goti kidogo. Kisha akamgeukia yule binti, ambaye hakufika hata miaka ishirini na mbili, akamwambia, "Habari za asubuhi, mdogo wangu." Mwanafunzi halisi wa sekondari angemwamkia mwalimu shikamoo hata kama mwalimu ni mtoto wa jana, hata kama wamesoma pamoja, hafikirii, mdomo unafunguka wenyewe. Lakini Editha alikuwa mke wa mtu na mama wa mtu, na mdomo wake ulijua umri wa kila aliyekaa mbele yake. Hata baada ya kukumbushwa, aliniambia, neno lilikataa. "Ningesemaje, Oliva? Ni rika la mdogo wangu wa mwisho! Nilijaribu. Nilifika 'shi', nikakwama." Wakamtazama upya: shingo, mikono, vidole vyenye alama za sindano. Mwenyekiti akamuuliza mtoto wake ana miaka mingapi, kwa sauti ileile ya kuuliza wali, na Editha akajibu mitatu.

Nilimfundisha mpaka jina la mbwa. Shikamoo sikumfundisha, kwa sababu sikujua kwamba hicho nacho ni kitu ambacho mtu anafundishwa.

Alifungasha vitu vyake kwenye ule mfuko wa nailoni. Alinishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Nisamehe, mwenye jina," kisha bodaboda ikamchukua kurudi Lizaboni. Dakika chache baadaye aliingia Mwalimu Koleta na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Ulikuwa wali, tena haikuwa Jumapili, na paja la kuku. "Kula kwanza," alisema. Nikala. Alikaa akinitazama kama alivyokuwa akinitazama Jumamosi, akanisogezea ile sehemu iliyoiva. Kisha akaanza kuongea, polepole, akiyapanga maneno kama mtu anayepanga vyombo.

"Kesho utaitwa kwenye kamati. Mimi nikisema nilijua, nafukuzwa kazi. Unaelewa? Miaka yangu yote inaishia hapo. Lakini wewe ni mtoto. Mtoto anaonywa, anaambiwa asirudie, basi."

"Niseme nini, Mwalimu?"

"Sema Editha ni dada yako wa ukoo. Sema uliumia, ukaipenda timu, ukampa fomu yako mwenyewe, ukabandika picha yake bila mtu kujua. Ukimaliza kusema hivyo, usiongeze kitu. Nyamaza. Mimi nitasimama."

"Utasema nini?"

"Nitasema mtoto huyu nimemlea, namjua, kosa alilofanya limetokana na mapenzi ya shule yake, na kama kuna adhabu ipunguzwe, na sehemu yake niibebe mimi kama meneja. Mbawala namfahamu. Atakubali." Akanifuta mdomo kwa ncha ya kitambaa. "Rudia. Utasema nini?"

Nikarudia. Akanisahihisha mahali pamoja. Nikarudia tena. Tulifanya mazoezi ya maneno yale kama tulivyofanya ya magoli, na nilipokosea alianza upya bila kukasirika.

Nitasema kwanza barua ya kamati ilisema nini, kwa sababu barua ni nyepesi kuliko kile chumba nilimohojiwa. Barua ilisema shule imeondolewa kwenye mashindano. Ilisema mwanafunzi Oliva Mapunda, aliyekiri kwa hiari yake kuandaa udanganyifu, hataruhusiwa kushiriki mchezo wowote wa shule mpaka atakapomaliza masomo yake. Mkuu wa shule aliibandika kwenye ubao wa matangazo, na mwisho wa mwaka, kwenye taarifa yangu ya maendeleo, mahali palipoandikwa Tabia, akaandika maneno mawili: Si mwaminifu. Editha hakutajwa, kamati haikuwa na mamlaka juu ya mafundi cherehani. Mwalimu Koleta alitajwa mara moja, mahali walipomshukuru kwa ushirikiano wake, na mwezi uliofuata alikwenda kambini kama msaidizi wa timu ya mkoa. Sikuitwa tena Bombambili. Hatukugombana. Tulipopishana koridoni nilimwamkia, akaitikia marahaba, na sauti yake haikuwa na kasoro yoyote. Watu wachache niliowahi kuwaeleza jambo hili huniuliza kwa nini sikwenda kwa mkuu wa shule nikasema ukweli. Jibu langu ni la aibu. Nilikuwa bado nangoja zamu yake. Nilidhani anatafuta siku nzuri. Nilingoja mpaka nikamaliza kidato cha nne, nikiwa mwanafunzi pekee aliyekaa darasani saa za michezo, nikisikiliza mpira ukidunda nje. Nimefikiria pia, baada ya kuwa mtu mzima na kuwa na kazi ninayoogopa kuipoteza, kwamba pengine alipoingia na ile sahani alikuwa na nia ya kweli. Sijui. Kuna siku naamini, na siku hizo ndizo zinazoniuma zaidi.

Chumba chenyewe kilikuwa maktaba ya ile shule ya jirani. Kulikuwa na meza moja ndefu, rafu za vitabu vilivyopauka migongo, na ukutani chati ya mmeng'enyo wa chakula, mtu bila ngozi aliyeonyesha utumbo wake wote kwa utulivu. Mwenyekiti alikaa katikati, koti la sufu kulia kwake, mwandishi kushoto. Mwalimu Koleta aliwekewa kiti pembeni, karibu na mlango, na mimi nikasimama mbele ya meza nikiegemea fimbo ya matroni. Niliwaamkia wote watatu. Yule binti wa chuoni aliitikia bila kuinua macho.

"Mwanangu," alisema Mwalimu Mbawala, "usiogope. Tueleze ilivyokuwa. Ukisema kweli, mambo yatakuwa mepesi."

Nikasema. Nilisema Editha ni dada yangu wa ukoo. Nilisema niliumia, nikaipenda timu, nikampa fomu, nikabandika picha. Sauti yangu haikutetemeka. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kutosha. Mzee yule alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kidevu.

"Na mhuri uligongaje?"

Hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. "Niliingia ofisini wakati wa chakula," nikasema.

"Peke yako? Na mguu huo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Alinitazama kwa muda mrefu, kwa macho ambayo leo najua yalikuwa yananiomba nibadili maneno. Koti la sufu likaguna. Kalamu ya mwandishi ikasimama. Nilinyamaza kama nilivyoagizwa, na kifuani mwangu hapakuwa na hofu hata kidogo, kwa sababu yangu nilikuwa nimeyamaliza na yaliyobaki hayakuwa yangu.

"Mwalimu Koleta," alisema mwenyekiti, "wewe ndiye meneja. Una la kusema juu ya mtoto huyu?"

Akasimama. Nilisikia kiti kikisogea, na nakumbuka nilikaribia kutabasamu. Aliweka sawa mkoba begani. Aliwatazama wale watatu, mmoja baada ya mwingine.

"Nimeshtuka kama ninyi," alisema. "Mimi fomu nilizipokea zikiwa tayari. Kama ni kudanganywa, wa kwanza kudanganywa ni mimi."

"Huna la kuongeza?"

"Sina, Mwalimu. Naomba ruhusa, wasichana wangu wako nje kwenye baridi tangu asubuhi."

Akaruhusiwa. Kutoka kwenye kiti chake mpaka mlangoni zilikuwa hatua tatu. Nilimgeukia, nikamwita kwa sauti ndogo, Mwalimu, mara moja tu, nikidhani pengine amesahau. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitasa. Alitoka bila kugeuka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, kwa uangalifu, kama mtu anayetoka chumbani alikolala mtoto.